Kivuli cha tarehe 29 Mei

Tarehe 28 Aprili 1919 masanduku yenye lenzi, kioo na sahani za picha yalifikishwa kwenye shamba la kakao la Sundy, kisiwani Príncipe, katika Ghuba ya Guinea. Sehemu kubwa ya njia yalikwenda kwa reli ndogo ya shambani. Palikuwa na kipande cha msitu, kama kilomita moja hivi, ambako yalibebwa na wapagazi. Ripoti rasmi ya safari ile, iliyochapishwa London mwaka 1920, inawapa wapagazi hao maneno machache tu, wala haimtaji hata mmoja kwa jina. Kazi ya vyombo hivyo ilikuwa kupima kama uzito wa jua unaupinda mwanga wa nyota.

Nimefundisha fizikia mkoani Kigoma mpaka nikastaafu, na kila nilipofika kwenye mada hii nilianza na wapagazi, Einstein akafuata. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wajukuu na vitukuu wa watu waliobeba mizigo kati ya Ujiji na pwani. Wengine wa koo zao walizolewa katika vita vya 1914 hadi 1918, wakabebeshwa risasi na vyakula vya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani, na wengi hawakurudi. Mtoto wa namna hiyo akisikia kwamba ugunduzi mkubwa ulipita mikononi mwa mtu kama babu yake, husikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Sundy haikuwa mahali pa raha. Kakao ya São Tomé na Príncipe ilivunwa kwa miaka mingi na watu walioletwa kutoka Angola kwa kile Wareno walichokiita mkataba, na ni wachache mno waliowahi kuumaliza wakarudi kwao. Mwandishi wa habari Mwingereza, Henry Nevinson, alizifuata njia walikotolewa, na kitabu chake cha mwaka 1906 kikauita mpango huo utumwa wa kisasa. Mwaka 1909 kampuni ya chokoleti ya Cadbury, ya ukoo wa Waquaker, iliacha kununua kakao ya visiwa hivyo. Miaka kumi baadaye akafika Arthur Eddington wa Cambridge, naye Quaker, akawa mgeni wa mwenye shamba, Jerónimo Carneiro. Hata afya ya mgeni huyo ilikuwa imelindwa kwa miili ya vibarua. Malale yaliyokuwa yakiua watu Príncipe yalikomeshwa mwaka 1914, na mojawapo ya mbinu ilikuwa kuwavalisha wafanyakazi vitambaa vyeusi mgongoni, vimepakwa ulimbo, ili mbung'o wanase. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunayajua malale, na hatuhitaji kuelezwa maana ya kumgeuza mtu kuwa mtego.

Nayasema haya bila kumpunguzia Eddington heshima yake. Imani yake ya Kiquaker ilimkataza kuua, na mwaka 1918 serikali ilipotaka kumwingiza jeshini alisimama mbele ya baraza akakataa. Aliachiwa baada ya Frank Dyson, mkuu wa kituo cha nyota cha Greenwich, kueleza kwamba anahitajika kwa safari ya kupatwa kwa jua. Katika miaka ile ambapo Waingereza wengi hawakutaka kusikia jina la Mjerumani, yeye alikuwa akiwafafanulia nadharia iliyotoka Berlin.

Swali lenyewe lilikuwa la zamani. Newton aliliuliza mwaka 1704: je, vitu vinaupinda mwanga unaopita kando yake? Johann von Soldner alilikokotoa, na hesabu yake ikachapishwa mwaka 1804. Mwaka 1911 Einstein, akiwa Prague, alipata kiasi kinachokaribiana sana na hicho: mwanga unaogusa ukingo wa jua upinde kwa sekunde 0.83 za pembe. Novemba 1915, nadharia yake ilipokamilika, kiasi kikawa maradufu, 1.7. Nusu moja inatokana na muda kwenda polepole karibu na jua, nusu ya pili inatokana na nafasi yenyewe kupindika, na hii ya pili Newton hakuwa nayo. Kwa hiyo kulikuwa na namba mbili za kuchagua. Tofauti yake ni ndogo kupita kiasi: ukigawa digrii moja mara 3,600 unapata sekunde moja ya pembe. Kwenye sahani za Príncipe milimita nzima ilikuwa sawa na sekunde 60, kwa hiyo msogeo waliokuwa wakiuwinda haukufika hata sehemu tatu za mia za milimita.

Nyota zilizo kando ya jua hazionekani mchana, ndiyo maana ilibidi kungoja kupatwa. Mwaka 1912 waliojaribu Brazil walinyeshewa. Mwaka 1914 Erwin Freundlich alikwenda Crimea kutoka Berlin, vita vikamkuta huko, Warusi wakamkamata yeye na vyombo vyake. Naona hiyo ilikuwa neema kwa Einstein, kwa sababu wakati ule alikuwa bado anaishikilia ile namba ndogo.

Dyson ndiye aliyeona, mwaka 1917, kwamba tarehe 29 Mei 1919 jua litapatwa likiwa mbele ya Hyades, kundi la nyota angavu linaloandamana na Kilimia angani. Nafasi nzuri kama hiyo huja mara chache mno. Kivuli kingeanzia Amerika ya Kusini, kivuke Atlantiki, kipite Príncipe, kiingie Kongo na kufika Tanganyika. Sehemu tatu zilifikiriwa: Sobral kaskazini mwa Brazil, Príncipe, na ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. John Evershed, mkurugenzi wa kituo cha nyota cha Kodaikanal, India, aliichunguza hii ya tatu kwa makini, akitumaini kuja mwenyewe. Haikuwezekana.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Huku kwetu kupatwa kulitokea alasiri, jua likiwa limeinama magharibi, na mwanga wa nyota zilizo chini hupita kwenye hewa nzito inayozitikisa. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchagua pengine. Tena nchi ilikuwa majeruhi. Kigoma na Ujiji vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, meli Graf von Goetzen ilikuwa imezamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na kwenye njia ya reli, Ugogo, watu walikuwa wakifa kwa ile njaa waliyoiita Mtunya. Kivuli kilipita hivyo hivyo, juu ya ziwa, juu ya kusini mwa Tanganyika, kikatokea Msumbiji kuelekea Komoro, na hakuna aliyekuwa amesimama hapa na sahani ya picha.

Sobral walikwenda Andrew Crommelin na Charles Davidson. Príncipe alikwenda Eddington na Edwin Cottingham, fundi wa saa kutoka Northamptonshire, na huyu fundi namtaja kwa makusudi. Darubini yao ililala bila kusogea, mwanga ukiingizwa na kioo kilichozungushwa na mashine ya saa kufuata mwendo wa jua. Mashine hiyo ikikosea kidogo tu, kila nyota inakuwa mstari na safari yote imekwenda bure.

Siku yenyewe, asubuhi, mvua kubwa ilinyesha Príncipe. Ilikatika kabla ya saa sita mchana, lakini mawingu yakabaki. Giza kamili lilidumu sekunde 302. Eddington hakupata nafasi ya kulitazama jua, alikuwa akibadilisha sahani. Walipiga picha 16. Nyingi zilionyesha miali ya moto ya jua na hakuna nyota, mpaka mwishoni wingu lilipopungua, na sahani mbili zikatoa nyota tano za kupimika. Jibu lake lilikuwa 1.61, na kasoro inayokadiriwa kuwa 0.30. Kulikuwa na tishio la mgomo wa meli, wakaondoka Juni bila kuzipiga picha nyota zile zile usiku, jua likiwa halipo. Ilibidi wategemee picha za kulinganishia zilizopigwa Oxford mapema mwaka ule.

Sobral hali ya hewa ilikuwa nzuri, taabu ikaja kwa njia nyingine. Joto lilikiharibu kioo cha darubini kubwa, nyota zikatoka na ukungu, na jibu lake likawa 0.93, karibu na ile namba ndogo. Lenzi ya pili, ya inchi nne tu, iliyoazimwa kama akiba, ndiyo iliyotoa picha safi za nyota saba. Crommelin na Davidson walingoja mpaka Julai wakapiga picha za kulinganishia pale pale. Jibu lao: 1.98, kasoro 0.12.

Wapo wanaosema Eddington alichagua namba aliyoitaka. Sikubaliani nao. Picha zilizotupwa zilikuwa na kasoro inayoonekana kwa macho, na uamuzi juu ya sahani za Sobral ulikuwa wa Dyson, ambaye hakuwa shabiki wa Einstein. Mwaka 1979 sahani zile zenye ukungu zilipimwa upya kwa mashine ya kisasa, zikatoa 1.55. Tangazo lilitolewa London tarehe 6 Novemba 1919, katika mkutano wa pamoja wa Royal Society na Royal Astronomical Society, na Einstein akawa maarufu duniani kuanzia kesho yake.

Mwanga ukipindika kandokando ya kitu kizito, kitu hicho kinaweza kuwa lenzi. Mwaka 1936 mhandisi aitwaye Rudi Mandl alimsumbua Einstein mpaka akaandika hesabu ya jambo hilo, nyota moja ikiukuza mwanga wa nyingine iliyo nyuma yake. Einstein aliandika kwa shingo upande, akiamini hakuna atakayeliona. Mwaka uliofuata Fritz Zwicky wa California akasema tusitazame nyota moja moja, tutazame galaksi nzima, kwa kuwa uzito wake ni mabilioni ya nyota. Zwicky alikuwa sahihi, ingawa aliaga dunia mwaka 1974 bila kuona ushahidi. Ulikuja mwaka 1979 kutoka Kitt Peak, Arizona: Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walikuta kwezari mbili, yaani vitovu ving'avu mno vya galaksi za mbali, zilizo karibu karibu, kila kitu katika mwanga wao kikifanana. Ilikuwa kwezari moja, na galaksi iliyokaa katikati ya njia iliugawa mwanga wake mara mbili. Kinachoonekana kwenye njia moja hujirudia kwenye nyingine baada ya siku 417 hivi, kwa kuwa njia hizo hazilingani urefu.

Darasani niliwapa wanafunzi kitako cha glasi ya soda watazame moto wa mshumaa kupitia humo. Moto unavutika na kuwa tao, ukiupata katikati unakuwa pete, ukisogeza kidogo unakuwa vipande viwili au vinne. Pete za namna hiyo, matao na picha nne nne, zote zimepatikana angani. Na kwa kuwa lenzi hizo hukusanya mwanga, darubini zetu zinaona visivyoweza kuonekana. Mwaka 2022 ilitangazwa nyota iitwayo Earendel, ambayo mwanga wake umesafiri miaka bilioni 12.9. Darubini ya Hubble isingeiona kamwe bila kundi la galaksi lililo mbele yake, ambalo limeukuza mwanga wake mara maelfu. Umbo la matao hayo pia hutuambia uzito wa lenzi, pamoja na ile maada nyeusi isiyotoa mwanga wowote. Na ile hesabu ya Mandl iliyodharauliwa inatumika leo kugundua sayari: Sutherland, Afrika Kusini, kuna darubini inayoshirikiana na nyingine za Chile na Australia kuangalia nyota zinazong'aa ghafla kwa sababu nyingine imepita mbele yake.

Darubini kubwa kama hizo hatuna. Lakini kipimo cha 1919 kiko ndani ya uwezo wetu. Tarehe 21 Agosti 2017, Wyoming, Marekani, Donald Bruns alikirudia kwa vifaa vyake mwenyewe, akapata 1.75. Lenzi yake ilikuwa na upana wa inchi nne, kama ile ya akiba ya Sobral.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita kaskazini mwa Afrika, kutoka Moroko hadi Misri, kisha Saudi Arabia, Yemeni na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litazidi dakika sita, zaidi ya alilopata Eddington. Jua litakuwa kwenye kundinyota la Kaa, si mbali na kundi la nyota la Praesepe. Picha za kulinganishia zinapaswa kupigwa Januari au Februari, usiku wa manane Kaa akiwa juu, na hizo zinaweza kupigwa hapa hapa Kigoma, mvua ikituachia nafasi. Walimu wenzangu nimeshawaeleza. Sasa tunatafuta lenzi ya kuazima.