Matone ya glokoma: chupa isiishe mbele ya kupata nyingine

Glokoma ni ugonjwa unaoingia polepole, mara nyingi bila maumivu. Mgonjwa anaona mbele vizuri, lakini pembeni panafifia: anajigonga mlangoni, haoni pikipiki inayotokea upande.

Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Njia yake ikiziba, presha ya jicho inapanda na kuharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Presha ya kawaida ni milimita 10 hadi 21 za zebaki. Inapimwa na chombo cha macho, si kile cha kufunga mkononi. Glokoma si upofu wa mto, na Mectizan inayogawiwa vijijini haiitibu.

Dokta anaweza kuandika timolol, kwa kawaida asubuhi na jioni, ao latanoprost, mara moja usiku. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Matone hayarudishi macho yaliyopotea. Yanalinda yale yaliyobaki. Ukiacha kwa sababu unajisikia vizuri, presha inarudi kimyakimya.

Namna ya kutia

Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini, tia tone moja, ncha ya chupa isiguse jicho. Funga jicho, bonyeza kidogo kwenye kona karibu na pua kwa dakika 2, ili dawa isishuke kooni na kuingia mwilini. Kama kuna dawa ya pili, ngoja dakika 5.

Hesabu ya chupa

Chupa ya mililita 5 inatoa matone zaidi kidogo ya 100. Macho mawili, mara mbili kwa siku, ni matone 4: chupa inafika karibu mwezi. Matone yakianguka shavuni, itaisha mapema. Na chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya wiki 4, hata kama kumebaki dawa.

Wakati wa mvua barabara za Kabambare, Kasongo na Kindu zinaharibika. Kwa hiyo tafuta chupa ya pili ikiwa ya kwanza imefika nusu. Anayekwenda kwenye zahabu upande wa Namoya ao Salamabila abebe yake, na aiweke kivulini, mbali na jiko na jua.

Hatari

Mwenye pumu (asima), ao ambaye moyo wake unapiga polepole, amuambie dokta mbele ya kupewa timolol: inaweza kumkata pumzi. Usitumie matone ya jirani. Yale ya deksametazone, yakitiwa kwa wiki nyingi, yanaweza yenyewe kupandisha presha ya jicho.

Glokoma hufuata jamaa. Mzazi ao ndugu yako akiwa nayo, nenda upimwe ungali unaona vizuri.