"Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" UZI kuhusu kipande na simu yako

1/ Kila mjadala wa faragha ukianza, hilo swali halikosi. Mimi huwa nalijibu na historia ya Nairobi. Twende polepole.

2/ Sheria ya kusajili Waafrika ilipitishwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba kipande: alama za vidole, mwajiri wake, ameanza kazi lini, ameacha lini. Kilikaa kwenye kikebe cha chuma, shingoni.

3/ Mtu wa Dagoretti aliyeingia mjini kutafuta kazi hakuwa mwizi. Lakini mwajiri asiposaini kwamba amemwachilia, kazi kwingine hapati. Akitoroka, rekodi inamfuata. Kazi ya kipande ilikuwa kumfunga mtu mahali, awe na siri au asiwe nayo.

4/ Machi 1922 watu walijaa nje ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka kiongozi aliyepinga kipande na kodi aachiliwe. Polisi wakafyatua risasi, wakaua zaidi ya watu 20. Kipande kikaendelea kubebwa miaka zaidi ya 20.

5/ Sasa simu. Unapakua programu ya bure, inaomba kujua ulipo, unabonyeza "kubali". Zingine huuza nyayo zako kwa madalali wa data, nao wanauzia watangazaji na wengine wenye pesa.

6/ "Lakini hawauzi jina langu." Jina la nini? Simu inayolala Kangemi, inashinda Lavington, na kila Alhamisi inasimama saa moja kwa kliniki fulani tao, ni ya nani kama si wewe? Utafiti wa 2013 ulionyesha nukta 4 tu za mahali na saa zinatosha kutofautisha 95% ya watu milioni 1.5.

7/ Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja mahali ulipo kama kitu cha kukutambulisha. Una haki ya kuuliza wana data gani yako, na kupinga inavyotumika.

8/ Kwa hivyo anayeomba kura akikuuliza unaficha nini, mrudishie maswali: nani anaweka rekodi? Nani ananunua? Nitajuaje? Babu zetu walikiona kikebe kifuani kila asubuhi. Sisi tunalala nacho chini ya mto, tena tumekichaji wenyewe.