Kitunguu na Sinema

Juma hili nataka tuzungumze juu ya vitunguu na sinema. Msicheke. Marekani ni nchi ambayo mtu anaweza kununua leo bei ya mahindi ya mwakani, bei ya kahawa, ya ng'ombe, ya dhahabu, hata ya mafuta ambayo bado yamo chini ya ardhi. Katika nchi hiyo, sheria imetaja bidhaa mbili ambazo ni marufuku kuzichezea namna hiyo. Ya kwanza ni kitunguu. Ya pili ni mapato ya viingilio vya sinema. Mimi ni mtu wa Mbulu, na kwetu kitunguu si jambo la mzaha. Habari hii iliponifikia niliifuatilia mpaka nikajua ilivyoanza.

Nieleze kwanza biashara yenyewe. Mkulima ana shamba, mazao bado machanga. Anakuja mtu anamwambia: nitakupa kiasi hiki kwa gunia, mzigo utanipa mwezi wa tatu. Hapo mmoja anaogopa bei itashuka, mwingine anatumaini itapanda, wanakubaliana katikati. Huko Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambako siku hizi ni Wilaya ya Karatu lakini zamani palikuwa Mbulu, hakuna asiyeijua biashara hiyo. Wala Bashay kwenye vitunguu swaumu hakuna asiyeijua. Tofauti ni kwamba kule Chicago makubaliano hayo yaliandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikawa bidhaa. Watu ambao hawakuwa na haja hata ya kitunguu kimoja cha kukaangia waliinunua asubuhi na kuiuza jioni.

Mwaka 1955 walitokea mabwana wawili, Vincent Kosuga, mkulima wa vitunguu wa New York, na mwenzake Sam Siegel. Walinunua vitunguu na karatasi za vitunguu hadi karibu mzigo wote uliokuwa Chicago ukawa mikononi mwao, tani zaidi ya 13,000. Kisha wakawaita wakulima na kuwaambia: nunueni sehemu ya mzigo huu, la sivyo tutaumwaga wote sokoni na bei itawafia. Wakulima wakanunua. Wale mabwana nao, kimyakimya, wakageuka kuuza karatasi wakitegemea bei ianguke, halafu wakaufungulia mzigo. Vitunguu vilivyoanza kuoza walivisafirisha nje ya mji, vikasafishwa, vikafungwa upya, vikarudishwa Chicago kana kwamba ni mzigo mpya unaoingia. Agosti 1955 gunia la ratili 50 lilikuwa dola 2 na senti 75. Machi 1956 likawa senti 10. Gunia tupu lilikuwa na thamani kuliko vitunguu vilivyomo ndani yake.

Mabwana hao walipata mamilioni. Wakulima wakamwaga mazao yao, na wengi wakafilisika. Ndipo mbunge mmoja kutoka Michigan, jimbo lenye wakulima wengi wa vitunguu, akapeleka muswada bungeni kupiga marufuku biashara ile. Mbunge huyo alikuwa Gerald Ford, yule aliyekuja kuwa Rais mwaka 1974. Sheria ilitiwa sahihi Agosti 1958.

Sasa sinema imeingiaje humo?

Kutabiri sinema ipi itajaza ukumbi ni kazi ya zamani kama sinema yenyewe, na katika nchi yetu waliojaribu kwanza kwa mpango walikuwa wakoloni. Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya Meja L. A. Notcutt. Walipiga filamu zaidi ya 30 kuhusu kilimo, afya na uwekaji akiba, wakazungusha gari katika Afrika Mashariki na Kati wakiwaonyesha watu na kuandika jinsi wanavyozipokea. Wataalamu wengi wa kikoloni wa enzi hizo waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, kwa hiyo apewe picha za polepole zenye mafunzo. Wakati huohuo, Unguja na Dar es Salaam watu walikuwa wakilipa fedha zao wenyewe kuona sinema za Kihindi, za Kimisri na za makauboi, ambazo hazikuwa na upole wowote. Ilipotoka *Awara* ya Raj Kapoor mwaka 1951, haikupita muda ikawa kipenzi cha miji yetu, kwa lugha ambayo wengi waliokaa kwenye viti hawakuijua. Mwenye ukumbi alikuwa na kipimo kimoja: foleni mlangoni. Kipimo hicho kilimfundisha mengi ambayo ripoti za Vugiri hazikuyafundisha.

Serikali yenyewe ilifika ikaelewa kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za hadithi kwa Kiswahili, mojawapo ikiwa *Muhogo Mchungu*. Mwigizaji wake alikuwa kijana wa Ustawi wa Jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Huyo mnamjua alikofika.

Kwetu Mbulu sinema ilikuja kwa gari. Nilikuwa mtoto Dongobesh wakati gari la serikali lilipokuwa likiegesha uwanja wa shule, likitundika shuka jeupe, jenereta ikinguruma mpaka ng'ombe wanashtuka. Hapakuwa na kiingilio, hivyo hapakuwa na wa kutabiri mapato. Lakini hata pale watu walipiga kura. Filamu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko ilipoanza, wazee walizungumza mambo yao ya mifugo. Alipotokea Charlie Chaplin na fimbo yake, uwanja mzima ulinyamaza, halafu ukaangua kicheko.

Turudi kwenye fedha. Mwishoni mwa mwaka 1960 Mmarekani Howard Hawks alifika na kikosi chake katika Jimbo la Kaskazini, ambalo Mbulu ilikuwa mojawapo ya wilaya zake, kutengeneza filamu ya kukamata wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani. Walipiga kambi upande wa Arusha, na nyumba ya hadithi yao ikawa Momella, chini ya Mlima Meru. Nyota wao alikuwa John Wayne. Jina la filamu walichukua kwetu bila kutafsiri: *Hatari!* Hawks hakuwa na hadithi kamili mkononi. Hakuweza kujua faru atakimbilia wapi, basi akapiga kwanza picha za kukimbiza wanyama, waigizaji wenyewe wakiwa juu ya magari, na hadithi ikawa inaandikwa kufuata kilichopatikana. Mwenye hesabu zake angesema mradi huo ni wa kichaa. Filamu ilitoka mwaka 1962, tukiwa tumekwisha kujitawala, na ikawa miongoni mwa zile kumi zilizoingiza fedha nyingi zaidi Marekani mwaka huo. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momella hata akanunua shamba pale.

Mwaka uliofuata wenzao wa 20th Century-Fox walikuwa na *Cleopatra* ya Elizabeth Taylor. Kila mtu alitabiri itaongoza, na kweli ikaongoza kwa mapato Marekani mwaka 1963. Lakini gharama zilikuwa zimefika kiasi cha dola milioni 44, na kampuni ilikaribia kuzama nayo. Hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anisikilize vizuri, maana magazeti yetu ya burudani hukosea daima jambo hili: filamu ya kwanza kwa mapato si lazima iwe ya kwanza kwa faida. Muuza duka wa Katesh analijua hilo bila kwenda chuo. Mauzo ni kitu kimoja, na kinachobaki baada ya kulipa deni la mzigo ni kitu kingine.

Baadaye watabiri waliongezewa zana. Hollywood ikaanza kupiga simu majumbani kuuliza kama umeisikia filamu fulani na kama utakwenda, na kuhesabu tiketi zilizonunuliwa mapema. Jumamosi na Jumapili za kwanza zikawa ndizo kila kitu. Hata hivyo zana hizo hupima vizuri kile ambacho watu wamekwisha kukijua, na hupata taabu kwa kile wasichokijua. Mwaka 1977 *Star Wars* ilifunguliwa katika kumbi zisizofika 40. Mtengenezaji wake, George Lucas, alikuwa amejiwekea haki ya bidhaa zake, wanasesere na fulana, jambo ambalo Fox hawakuliona kuwa na thamani kubwa. Ikawa ndiyo filamu iliyoingiza fedha nyingi kupita zote zilizotangulia.

Na kuna kisa kinachotuhusu sisi wasema Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Disney ilikuwa ikichora filamu mbili kwa wakati mmoja, *Pocahontas* na *The Lion King*. Wakubwa wa kampuni waliweka matumaini kwa *Pocahontas*, na wachoraji wengi mashuhuri wakakimbilia huko. Ile ya simba ilionekana ni kazi ya daraja la pili. Ilipotoka Juni 1994, ikiwa na Simba, Rafiki, Pumbaa na ile kauli yetu ya hakuna matata, iliingiza zaidi ya dola milioni 700 duniani katika mzunguko wake wa kwanza. *Pocahontas*, mwaka uliofuata, haikufika nusu yake. Maneno yetu yameingia katika hesabu hiyo na sisi hatukuwa na hisa. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki walikasirika walipogundua kwamba Disney walikuwa wamejiandikishia hakuna matata kama alama yao ya biashara ya nguo huko Marekani. Mwaka 2019 simba yuleyule alirudi kwa sura mpya, akaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6.

Nikiwa likizo nyumbani nilizungumza na kijana mmoja mwenye banda la video pale Mbulu mjini, enzi za kanda, wakati filamu za Rambo na Van Damme zikiwa zimeanza kupata watafsiri wa Kiswahili, akina Lufufu. Alikuwa analipa nauli ya basi mpaka Arusha kufuata kanda, kwa hiyo akichagua vibaya anakula hasara ya nauli, ya kanda na ya mafuta ya jenereta. Nikamuuliza, unajuaje ipi itajaza? Akasema: "Kaka, mimi siangalii kanda. Naangalia swaumu. Bei ya swaumu ikiwa nzuri na siku ni ya mnada, hata sinema mbovu wataingia. Bei ikianguka, hata umlete Bruce Lee mwenyewe." Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu tangu siku ile, na wachache wameanza na mfuko wa mtazamaji kama alivyoanza yeye.

Mwaka 1996 Wamarekani wawili, Max Keiser na Michael Burns, walianzisha mchezo kwenye intaneti ulioitwa Hollywood Stock Exchange. Wachezaji walipewa fedha za bandia, wakawa wananunua na kuuza hisa za filamu ambazo hazijatoka. Wachunguzi wa vyuo vikuu walipozilinganisha bei zile na mapato halisi, waliona maelfu ya wapenda sinema, wakichezea fedha isiyo na thamani, wakikaribia ukweli vizuri ajabu. Lakini hata hao waliweza kukosea. Mwaka uliofuata mchezo huo kuanzishwa, *Titanic*, iliyogharimu kiasi cha dola milioni 200 na kuahirishwa kutoka Julai hadi Desemba, iliandikwa na magazeti kwamba itazama kama meli yenyewe. Ikawa filamu ya kwanza kuvuka dola bilioni moja.

Palipo na utabiri mzuri hapakosi mwenye kutaka kuufanya biashara. Kampuni ya Cantor iliununua mchezo ule mwaka 2001, na baadaye ikaomba kibali cha soko la kweli, kwa fedha za kweli. Juni 2010 msimamizi wa masoko hayo alikubali. Makampuni ya filamu yakapiga kelele. Yalisema mtu anaweza kuweka fedha zake upande wa kuanguka kwa filamu, kisha akaeneza uvumi kwamba ni mbovu, na uvumi huo ukaiua kabla haijaonekana. Tena walio ndani ya studio wanajua siri ambazo mnunuzi wa nje hazijui. Kwa maneno mengine, waliogopa kufanyiwa yale waliyofanyiwa wakulima wa vitunguu. Julai 2010 Rais Obama alitia sahihi sheria kubwa ya fedha ya Dodd-Frank, na humo ndani, katika kifungu kilekile cha mwaka 1958, kabla ya neno vitunguu yakaongezwa mapato ya sinema.

Studio zilikuwa na mawakili na wabunge, zikajengewa ukuta kabla ya hasara. Wakulima wa Marekani walijengewa wao baada ya kufilisika. Mkulima wa Mang'ola mpaka leo anasubiri ukingoni mwa shamba, ada ya shule imefika, dalali ameshika simu na anajua bei ya Kariakoo ya asubuhi hii, naye mkulima ana bei ya juma lililopita. Hapo hakuna karatasi ya Chicago wala fedha za bandia, lakini anayebashiri ni mmoja na anayelipia ubashiri ni mwingine. Na gunia lenyewe limeshonewa kofia juu.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutazungumza juu ya hiyo lumbesa.