Wageni wa Kaskazi na Wenyeji wa Mwaka Mzima

Waswahili wana methali mbili juu ya mgeni, na mbili hizo hazipatani. Moja yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Ya pili yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Azisikiaye pamoja aweza kudhani kwamba wenyeji wa pwani hawakujua walitakalo. Walijua sana; taabu yao ilikuwa upepo. Mgeni mkubwa wa pwani, yule aliyekuja na jahazi kutoka Uarabuni na nchi za Ghuba, alifika na kaskazi kati ya Desemba na Machi, wala hakuweza kurudi kwao mpaka kusi ianze mnamo Aprili. Siku ya tatu ilipita, na ya thelathini ikapita, na jembe halikushikwa. Kwani mgeni alikuwa na udhuru usiobishika, kwamba pepo hazijageuka.

Jambo hili ni la kale. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza chawataja manahodha wa Kiarabu waliofika pwani hii hata mji wa Rhapta, wakaijua lugha ya wenyeji na kuoa kwao. Si ajabu. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu asiye na jiko.

Lakini aliyeeleza vizuri zaidi ni Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kwenda Mombasa na Kilwa. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakuwa na nyumba nyingine wala dalali mwingine. Mwenyeji wake ndiye aliyemwuzia na kumnunulia, na biashara yoyote iliyofanywa pasipo yeye kuwapo ilihesabiwa kuwa batili. Ukarimu huo ulikuwa wa kweli, na hesabu yake ilikuwa ya kweli pia. Sahani moja ya wali ilikuwa mtaji wa musimu mzima.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa na bidhaa, alikuwa mwanachuoni, basi akawa mgeni wa kadhi na sultani. Aliletewa chakula mara tatu kwa siku: wali wa samli, kuku, nyama, samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi na maembe. Baada ya hayo yote akaandika kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula chakula cha watu wengi, na kwamba wenyeji ni wanene mno. Kadhi hakupata nafasi ya kuandika kitabu chake, ama ingejulikana mgeni naye alikula kiasi gani.

Unguja ya karne ya kumi na tisa haikucheka hivyo. Kaskazi ilipoleta majahazi yenye tende, papa na mazulia, maduka yalichangamka, na wazazi wakawafungia watoto wao ndani; kwani baadhi ya watu hao wa kaskazini waliiba watoto, huru na watumwa, wakawaficha vyomboni mpaka siku ya kutweka. Wazee wa pwani wamesimulia sana habari za mtoto aliyeitwa kwa tende na halua asionekane tena. Mwenye duka alimwomba Mungu awalete wageni, na mkewe, chini ya dari ile ile, akamwomba awaondoe. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873, ijapokuwa hofu haikuondoka kwa mkataba.

Tena si kila mgeni aliyeondoka. Wako waliokosa chombo, waliopata mke, na waliopata deni. Unguja waliitwa Wamanga au Washihiri, wakauza kahawa, wakachukua mizigo, wakafungua vijiduka. Na baada ya kaskazi chache mtu wa namna hiyo alisimama mlangoni pake akawatazama wanaoshuka majahazini na kunung'unika kwamba wageni wa mwaka huu hawana adabu.

Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na jahazi la Kuwait katika musimu wa 1938 hadi 1939, akafika nalo Unguja na mpaka mikoko ya Rufiji kutafuta boriti. Aliwahi mwisho wa mambo. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na vijana wakaacha tanga. Mapinduzi ya 1964 yakaivunja desturi hiyo Unguja.

Wageni wa leo huja kwa ndege, wengi wao wakikimbia baridi ya Ulaya, na rubani haulizi kama kaskazi imeanza. Ila huko Paje, upande wa mashariki wa kisiwa, wako wanaokuja kuteleza juu ya maji kwa ubao na tiara kubwa, na hao huutazama upepo kama nahodha wa Suri. Masika yakiingia mwezi wa Aprili, hoteli nyingi hufungwa, na ufuo hubakia na wanawake wa mwani, waliokuwapo tangu Januari hadi Desemba, wakiinama majini.