Luther na Mzigo wa Kazi Nyingi: Somo la Historia kuhusu Kupanga Siku na Kutuliza Mawazo

Utangulizi

Mchungaji yeyote aliyewahi kuketi mezani pake Jumamosi usiku anaifahamu hali tunayotaka kuijadili. Mahubiri ya kesho hayajakamilika. Barua ya Mkuu wa Jimbo inangoja majibu. Wazee wa mtaa mmoja wanagombania mpaka wa kiwanja cha kanisa. Familia iliyofiwa inasubiri kuambiwa saa ya ibada ya mazishi, na kitabu cha mapato na matumizi hakijafungwa. Kila jambo likiwa peke yake linawezekana; yakikusanyika yote kichwani, hakuna hata moja linalosogea. Mkono umeshika kalamu, lakini moyo uko kiwanjani.

Katika makala haya hatukusudii kumpa msomaji orodha ya mbinu za kutumia saa zake. Tunakusudia kurudi katika historia na kumtazama mtu ambaye sisi Walutheri tumezoea kumtaja kama mfano wa bidii isiyo na kikomo. Toleo la Weimar la maandiko ya Martin Luther, lililoanza kuchapishwa mwaka 1883, lina majuzuu zaidi ya 100. Barua zake zilizosalia ni zaidi ya 2,500. Kwa sababu hiyo, mara nyingi tunawaambia wanafunzi wetu: “Tazameni, mtu mmoja alifanya kazi ya watu kumi, nanyi jitahidini.” Tunaona kwamba usemi huo ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo tunayoihitaji zaidi. Yatupasa kuuliza: mtu huyu aliwezaje? Tena, ni nani aliyeyabeba yale ambayo yeye hakuyabeba?

1. Barua ya Oktoba 1516

Mwaka mmoja kabla ya zile hoja 95, Luther alimwandikia rafiki yake Johann Lang wa Erfurt barua ambayo kila mwalimu wa chuo angeweza kuiandika leo. Alieleza kwamba karibu angehitaji makatibu wawili, kwa maana mchana kutwa hafanyi jambo lingine ila kuandika barua. Kisha akayataja majukumu yake moja baada ya jingine. Alikuwa mhubiri wa nyumba ya watawa na msomaji wakati wa chakula. Aliitwa kila siku kuhubiri katika kanisa la mji. Alisimamia masomo ya watawa vijana. Alikuwa mwangalizi wa nyumba kumi na moja za shirika lake, na pia msimamizi wa bwawa la samaki la Leitzkau. Alishughulikia shauri la watu wa Herzberg huko Torgau. Alifundisha nyaraka za Paulo na kukusanya maelezo ya Zaburi. Akakiri kwamba ni mara chache tu alipata nafasi ya kumaliza sala zake za saa. Juu ya hayo yote, tauni ilikuwa imeingia Wittenberg.

Tunaomba msomaji aitazame orodha hiyo kwa makini. Bwawa la samaki limesimama bega kwa bega na Mtume Paulo. Mambo makubwa na madogo yamepanga foleni moja, na kila moja linadai kuwa la kwanza. Huo ndio msongamano wa mawazo tunaouzungumzia. Wingi wa kazi ni sehemu yake tu. Sehemu iliyo nzito zaidi ni kukosa kujua lipi litangulie na lipi lingoje.

2. Deni la sala

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba mtawa wa wakati ule alifungwa na kanuni ya kusali sala za saa mchana na usiku. Kanuni hii ilikuwa na hekima ya zamani. Tangu siku za Benedikto wa Nursia, katika karne ya 6, watawa wa Magharibi waliigawa siku kati ya sala, kazi ya mikono na kusoma, ili mtu asiulize kila saa afanye nini. Kengele ilimwondolea mzigo wa kuamua.

Lakini kwa mtu mwenye kazi nyingi kama Luther, kanuni iliyowekwa ili kumpumzisha iligeuka kuwa deni. Baadaye, akizungumza mezani pake, alisimulia jinsi alivyoziacha sala za siku kadhaa zirundikane, kisha akajifungia chumbani siku ya Jumamosi, pengine kwa siku nyingi zaidi, bila kula wala kunywa, mpaka azilipe zote. Mwishowe mwili ulishindwa. Usingizi ulimtoroka, kichwa kikavurugika, akalazwa na ugonjwa. Yapata mwaka 1520 akauacha utaratibu huo kabisa.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Luther hakuacha kusali. Alichokiacha ni hesabu. Aliacha kuzitazama sala kama mafungu ya deni yanayopaswa kulipwa kwa jumla mwisho wa wiki. Wala hakulimaliza deni hilo kwa kuongeza bidii. Bidii aliijaribu, nayo ikamlaza kitandani. Alilimaliza kwa kukubali kwamba deni lenyewe halikustahili kuwapo. Ni katika mwaka huohuo wa 1520 alipoandika kitabu chake juu ya uhuru wa Mkristo, na hatudhani kwamba mambo hayo mawili ni mageni kwa kila mmoja.

Je, si kweli kwamba nasi tunayo madeni ya namna hiyo? Ziko ahadi tulizozitoa kwa haraka, vikao tulivyoviridhia kwa haya, na ripoti zisizosomwa na mtu. Hatuzifanyi, wala hatuzifuti, tunazibeba tu. Kabla ya kuuliza tufanyeje yote, tungeuliza kwanza ni lipi lisilotupasa kabisa.

3. Kitanda kisichotandikwa

Luther alisimulia pia kwamba kabla ya kuoa, kitanda chake hakikutandikwa kwa mwaka mzima, hata kikaoza kwa jasho. Alichoka mno kwa kazi za mchana, akajitupa juu yake bila kutambua lolote. Wengine huisoma habari hii kama kichekesho. Sisi tunaiona kama ushahidi. Mtu aliyekwisha kulifasiri Agano Jipya kwa Kijerumani katika muda wa wiki kumi na moja hivi, kule Wartburg, hakuweza kukitunza kitanda chake.

Tarehe 13 Juni 1525 alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Nyumba ya zamani ya watawa, waliyopewa kuishi, ikajaa watoto, jamaa, wanafunzi wa bweni, wageni na wakimbizi. Katharina ndiye aliyeipatia nyumba hiyo utaratibu. Alilima bustani, alifuga nguruwe na ng’ombe, alitengeneza pombe ya nyumbani, alisimamia bwawa la samaki, alipokea ada za wapangaji, na kuanzia mwaka 1540 aliliendesha shamba la Zülsdorf. Bwawa la samaki, lililokuwa katika orodha ya mwaka 1516, sasa lilikuwa katika orodha ya mtu mwingine!

Wala Katharina hakuwa peke yake. Tangu mwaka 1523 Johannes Bugenhagen alikuwa mchungaji wa kanisa la mji, ingawa Luther aliendelea kuhubiri. Georg Rörer aliyaandika mahubiri yaliponenwa. Biblia nzima ya Kijerumani, iliyotoka mwaka 1534, ilikuwa pia kazi ya wenzake, Philip Melanchthon akiwa mmojawapo kwa ujuzi wake wa Kigiriki. Kwa hiyo tunapoyaona majuzuu zaidi ya 100, tusidhani kwamba tunaona nguvu za mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Yethro alimwambia Musa neno hilohilo katika Kutoka sura ya 18, nasi tumelihubiri mara nyingi kuliko tulivyolitenda.

4. Coburg, 1530

Mwaka 1530 wakuu wa Dola walikusanyika Augsburg. Luther, aliyekuwa chini ya hukumu ya mwaka 1521, hakuweza kwenda. Kuanzia Aprili hadi Oktoba alikaa katika ngome ya Coburg, wakati Melanchthon akiiandaa Imani ya Augsburg, iliyosomwa mbele ya Kaisari tarehe 25 Juni. Melanchthon alielemewa na wasiwasi, naye Luther alimwandikia mara kwa mara akimwonya kwamba masumbufu yake yanamla bure, na kwamba auhurumie mwili wake.

Katika miezi hiyo Veit Dietrich, aliyekaa naye ngomeni, alimwandikia Melanchthon kwamba hakuna siku inayopita bila Luther kutumia saa tatu katika sala, tena zile saa zinazofaa zaidi kwa masomo. Huu ni ushuhuda wa mtu aliyeona. Watu wengi wameugeuza kuwa msemo wa Luther mwenyewe, kwamba kadiri alivyokuwa na kazi nyingi ndivyo alivyoongeza saa za sala. Tofauti hiyo ni ndogo lakini ina maana. Msemo unaifanya sala kuwa mbinu ya kuzalisha zaidi. Dietrich yeye anatueleza habari za mtu aliye mbali na vita vyake, mgonjwa wa kichwa, aliyefiwa na baba yake mwezi Mei wa mwaka huo, na ambaye hakuwa na uwezo wa kubadili lolote huko Augsburg. Alizitoa saa zake bora kwa sababu mambo makubwa zaidi hayakuwa mikononi mwake.

5. Kinyozi wa Wittenberg

Mwaka 1535 kinyozi aitwaye Peter Beskendorf alimwomba Luther amfundishe jinsi ya kusali. Luther akamwandikia kijitabu. Anashauri kwamba sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na mtu ajihadhari na lile wazo linalosema ngoja kidogo, nimalize kwanza hili na lile. Kisha anamtolea kinyozi mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema hana budi kukaza macho na mawazo yake penye wembe na nywele. Akizungumza ovyo na kutazama huku na huku, atamkata mtu mdomo, pua, hata koo. Kila kazi, ikitakiwa ifanywe vema, inamtaka mtu mzima.

Lakini mawazo hayakusanyiki kwa kuamriwa tu. Kwa hiyo Luther anatoa njia rahisi. Mtu achukue amri moja tu na kuisokota kama shada la nyuzi nne: kwanza fundisho, pili shukrani, tatu ungamo, nne ombi. Mawazo yaliyotawanyika yanapewa mahali pa kukaa. Na likija wazo jema lisilotazamiwa, aliache lizungumze, tena ikiwezekana aliandike. Yeye mwenyewe anasema kwamba mara nyingi amejifunza mengi katika wazo moja la namna hiyo.

Historia hairuhusu tuimalizie habari hii kwa furaha. Karibu na Pasaka ya mwaka huohuo, Peter alimchoma kisu mkwewe mezani, akamwua. Luther na wengine walimwombea, naye akaepushwa na kifo, lakini akahamishwa na kupoteza mali yake. Njia njema ya kupanga mawazo haimfanyi mtu kuwa mwema. Wanaotuahidi kwamba utaratibu utatuokoa, wakumbushwe habari za kinyozi huyu.

6. Tathmini

Tungekosa haki kama tungemchora Luther kama mtu aliyelishinda tatizo lake. Alilalamikia wingi wa kazi hadi uzee. Alifariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, mwenye umri wa miaka 62, katika safari ya majira ya baridi aliyoifanya akiwa mgonjwa ili kupatanisha mabwana wa Mansfeld waliogombania mali. Hata mwisho hakujua kukataa.

Tena kuna neno zito zaidi. Sehemu ya utulivu wa Luther ilinunuliwa kwa uchovu wa Katharina. Luther alilitambua hilo. Katika wasia wake wa mwaka 1542 alimfanya mrithi na mlinzi wa mali na watoto, kinyume cha desturi ya sheria ya wakati ule. Hata hivyo, alipofariki, mjane huyo alilazimika kuhangaika ili wasia utambuliwe. Vita vikaharibu mashamba yake. Mwaka 1552, akikimbia tauni ya Wittenberg, alipata ajali ya gari la farasi, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba.

Tunayaandika haya tukiwafikiria wake wa wachungaji wetu, wainjilisti wa mitaa ya mbali, na makatibu wa sharika. Meza ya mchungaji inapokuwa safi, yafaa aulize mzigo umekwenda wapi. Kupanga kazi kwa haki maana yake ni kugawana mzigo, wala si kuusukuma mpaka usionekane.

Hitimisho

Kila mtoto wa kipaimara amejifunza katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 jinsi ya kuianza na kuimaliza siku. Asubuhi, baada ya sala, aende kazini kwa furaha. Jioni, baada ya sala, alale mara moja kwa moyo mchangamfu. Tumeyakariri hayo tukiwa wadogo, tukayasahau tulipopewa joho. Aliyeyaandika alikuwa mtu ambaye miaka kumi hivi kabla yake alikosa usingizi kwa sababu ya sala zilizorundikana. Alijua thamani ya kulala.

Basi, ndugu mchungaji, Jumamosi ijayo usiku iandike orodha yako yote, bwawa la samaki na Mtume Paulo pamoja. Futa lile lisilokupasa. Lipe jina la mwenzako lile analoweza kulifanya, lakini mwulize kwanza. Lililobaki lifanye kama kinyozi mwema, moja kwa wakati wake. Na lisilokwisha, liache, ukalale.