Kandy, Mji wa Jino Takatifu

Katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kilijulikana kwa jina la Ceylon, umo mji mmoja uliozungukwa na vilima, nao ni Kandy. Wenyeji wake, Wasinhala, huuita Mahanuwara, yaani Mji Mkubwa. Tangu mwisho wa karne ya 16 hata mwaka 1815 wafalme walitawala hapo, ilhali Wareno, kisha Waholanzi, na mwisho Waingereza walishika pwani. Leo hakuna mfalme tena. Lakini mahekalu yangalipo, na kila siku watu humiminika humo. Basi yatupasa kuuliza: kwa nini kiti cha enzi kimetoweka na hekalu limebaki?

Mgeni aingiapo mjini huvutwa kwanza na ziwa lenye maji matulivu. Ukingoni mwake limesimama Hekalu la Jino, lenye kuta nyeupe na handaki la maji mbele yake. Karibu na lango pana jengo la pembe nane, lililojengwa zamani za mfalme wa mwisho, Sri Vikrama Rajasinha. Kabla ya kuingia kila mtu huvua viatu. Waumini wengi huvaa nguo nyeupe, nao huchukua maua ya kutoa sadaka. Mara tatu kwa siku ngoma hulia, na ibada hufanywa. Walakini kitu chenyewe kiheshimiwacho hakionekani kwa macho. Ni jino ambalo Wabudha huamini kwamba lilikuwa la Budha, mwalimu wao, nalo limehifadhiwa katika vikasha saba, kimoja ndani ya kingine.

Mapokeo husema kwamba katika karne ya 4 binti mfalme mmoja wa India, jina lake Hemamali, alilificha jino hilo katika nywele zake, akavuka nalo bahari pamoja na mumewe ili kuliepusha na maadui. Wafalme wa kisiwa wakalipokea kwa heshima kuu, na kila mji mkuu ulipohama, jino nalo lilihamishwa. Hivyo likawa alama ya enzi: watu walisadiki kwamba alilindaye ndiye mwenye haki ya kutawala. Kwa sababu hiyo Vimaladharmasuriya wa Kwanza, alipokuwa akitawala Kandy, alilijengea jino nyumba karibu na jumba lake mwenyewe.

Hapa twaona jambo la kustaajabisha. Kuanzia mwaka 1739 wafalme wa Kandy walikuwa wa ukoo wa Nayakkar, wenye asili ya kusini mwa India. Hawakuwa Wasinhala kwa uzazi, na ukoo wao ulitoka katika dini ya Kihindu. Hata hivyo walikubaliwa, maana waliushika wajibu wa mfalme wa kulilinda jino na kuwatunza watawa. Mmoja wao, Kirti Sri Rajasinha, aliona kwamba utaratibu wa kuwapa watawa daraja kamili umekatika katika kisiwa. Akapeleka wajumbe Siam, ambayo leo ni Thailand, na mwaka 1753 watawa wa huko wakaja kuurudisha. Nyumba mbili za watawa zilizoko Kandy, Malwatta na Asgiriya, hufuata utaratibu huo hata leo.

Karibu na hekalu vipo vihekalu vya Natha, Vishnu na Pattini, na cha Kataragama kiko mjini. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Julai au Agosti, vihekalu hivyo vinne huungana na Hekalu la Jino katika maandamano makubwa ya usiku. Wapiga ngoma, wacheza ngoma na wabeba mienge hutangulia, na ndovu waliovikwa mavazi ya kumetameta hufuata. Ndovu mwenye pembe ndefu hubeba kikasha kitakatifu mgongoni. Ndovu mmoja aliyeitwa Raja alifanya kazi hiyo miaka mingi. Alipokufa mwaka 1988 mwili wake ulihifadhiwa, nao huonyeshwa katika uwanja wa hekalu.

Lakini kulishika jino hakukutosha kumwokoa mfalme aliyewapoteza watu wake. Sri Vikrama Rajasinha ndiye aliyelifanyiza lile ziwa zuri, nayo ilikuwa kazi ya kulazimishwa. Tena aliwatendea ukatili wakuu waliomwasi pamoja na jamaa zao. Waingereza walipouingia mji mwaka 1815, wakuu wengi walikuwa wamekwisha mwacha. Tarehe 2 Machi, katika ukumbi wa baraza wenye nguzo za mbao zilizochongwa, wakuu na Waingereza wakapatana. Mfalme akahamishwa India, akafa huko mwaka 1832.

Katika mapatano hayo Waingereza waliahidi kuilinda dini ya Budha. Haukupita muda mrefu maasi yakazuka mwaka 1817, na jino likaondolewa kwa siri hekaluni. Lilipoangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1818, wengi waliona kwamba vita vimekwisha. Baadaye Wakristo wengi walilaumu serikali yao kwa kutunza hekalu la dini nyingine, nayo ikauacha ulinzi huo. Ukawarudia watawa na msimamizi wa hekalu aitwaye Diyawadana Nilame.

Wala hatari hazikwisha. Tarehe 25 Januari 1998, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lori lenye baruti lililipuliwa langoni, watu wakafa na kuta zikaharibika. Watu wakalijenga upya, na ibada zikaendelea.

Husemwa kwamba cheo ni dhamana. Mahekalu ya Kandy yanashuhudia jambo hilo hilo. Mfalme wa kigeni aliyekitunza kitu walichokithamini raia alipata utii wao; na mfalme aliyewatumikisha bila huruma hakusaidiwa na jino wala na kuta za hekalu. Aliyepewa ulinzi hakupewa umiliki. Wafalme wamepita, na Waingereza nao wamepita, lakini ngoma ya alfajiri bado yalia kando ya ziwa.