Sare ya Shule na Uhuru wa Dini: Kutoka Rungwe hata Isiolo

Mtoto wa Kisondela, katika wilaya ya Rungwe, aendapo shuleni huvaa sare, na wengi huiona sare hiyo kuwa kitambaa tu kisicho na dini. Historia ya Unyakyusa haiafikiani na rai hiyo. Wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri walipoingia huko katika mwaka wa 1891, waliwakuta wenyeji wakivaa nguo za magome ya miti na pete za shaba viunoni. Shule ilipofunguliwa kando ya kanisa, nguo ya pamba ikawa alama ya mtu aliyejitenga na mila za wazee wake na kuifuata imani mpya. Vazi la shule, basi, lilizaliwa likiwa na dini ndani yake.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni zilizopewa ruzuku chini ya Serikali ya Tanzania. Sare ilibaki, lakini shule zikawa za raia wa dini zote. Uhuru wa imani ulikuja kuandikwa katika Ibara ya 19 ya Katiba, na wasichana wa Kiislamu katika shule za serikali huruhusiwa kuvaa hijabu pamoja na sare.

Nchini Kenya, ambako makanisa yangali wadhamini wa shule nyingi za umma, jambo hili lilifika mahakamani. Katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, wanafunzi wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali. Mahakama Kuu ililikubalia Kanisa katika mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ikawapa haki wanafunzi mwaka 2016. Na katika Januari, 2019, Mahakama ya Juu ikaitangua hukumu hiyo kwa kuwa madai ya hijabu hayakuletwa kwa utaratibu upasao. Kila shule iliachiwa kushauriana na wazazi juu ya kanuni zake.

Hivyo swali lenyewe halikujibiwa, na msichana aliyesimamishwa mlangoni angali na hiari mbili tu: kuvua ushungi au kukosa masomo. Waamuzi wake husema kwamba sare haielekei dini yoyote. Yawapasa kwanza waikumbuke nasaba ya sare hiyo.